AC ya Chef ilikuwa inagoma kwenye barrière tu, nikaandikiwa barua ya kujieleza: kisa changu na feni ya kondensa, Cyangugu

Wakuu, salamu kwenu wote mlio humu, wa Dar, wa Buja, wa Goma, na sisi wa huku pembeni kabisa mwa ziwa.

Ninachosimulia kilinipata mimi mwenyewe. Sijatia chumvi. Majina tu ndiyo nimeyaacha, maana wengine bado tunakutana sokoni Kamembe na tunasalimiana vizuri, na ningependa tuendelee hivyo.

Kiswahili changu mtakivumilia. Nilizaliwa Bukavu, wazazi Wanyarwanda, nikarudi huku Rwanda baada ya vita nikiwa na mke, mtoto mmoja na masanduku mawili. Ninyi mkitusikia tunaongea mnasema tumeiua lugha. Sisi tunasema tumeipa uraia.

Haya, tuingie kazini.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Ng'ambo vita ya pili ya Kongo inaendelea, Burundi nako hakujatulia, na sisi tumekaa kwenye kona kati ya hizo nchi mbili kama mtu aliyepanga chumba katikati ya majirani wanaopigana.

Nilikuwa dereva wa mradi mmoja wa mpunga. Gari ni double cabine nyeupe, karibu mpya, ina AC. Kazi niliipata baada ya dereva aliyenitangulia kufukuzwa kwa mambo ya dizeli, kwa hiyo niliingia nikiwa tayari nashukiwa kwa niaba yake.

Ofisi ilikuwa Kamembe. Mnaopafahamu mnajua Kamembe ni juu, upepo wa ziwa unapiga, AC pale ni pambo tu. Lakini mashamba yako chini, kwenye bonde la Bugarama. Ukianza kuteremka kupitia Rwimbogo unaona tu shati linaanza kukushika mgongoni. Ukifika bondeni ni kama mtu amefungua tanuri la mikate na amesahau kulifunga.

Na njiani kuna barrière, vile vizuizi vya wanajeshi. Miaka ile kutoka Kamembe mpaka mpakani Ruhwa ulikuwa unasimamishwa mara nne, siku mbaya mara sita. Unasimama, unatoa karatasi, wanaangalia nyuma, wanaangalia chini ya viti, unangoja. Wakati mwingine dakika tano, wakati mwingine nusu saa. Hakuna aliyekuwa analalamika. Waliolalamika walikuwa wanangoja zaidi.

Sasa Chef wangu.

Alikuwa mkurugenzi wa mradi, mtoto wa Bukavu kama mimi, tofauti yetu ni kwamba yeye alisoma mpaka mwisho na mimi niliishia kwenye gari. Hakuwa mtu mbaya, niliweke hilo wazi mapema. Alikuwa na koti la kijivu, na koti hilo alikuwa analivaa Bugarama saa sita mchana, vifungo vyote vimefungwa, wakati hata mbuzi wamejificha.

Siku moja alinieleza falsafa yake.

"Papa Neema, mkulima akikuona unatoka jasho, anajua wewe na yeye ni kitu moja. Na pale mradi umekwisha."

Kwa hiyo AC ya ile gari haikuwa starehe. Ilikuwa sehemu ya uongozi.

Tatizo lilianza hivi. Tunateremka vizuri, hewa inatoka baridi mpaka Chef anafunga kola. Tunafika barrière ya kwanza ya bondeni, tunasimama. Dakika mbili, tatu, baridi inaanza kupungua. Dakika ya tano inatoka hewa vuguvugu. Ya nane, inatoka pumzi ya ng'ombe.

Wanatufungulia, tunaondoka, mwendo kidogo tu, baridi inarudi kama haijawahi kwenda popote.

Barrière ya pili, vilevile.

Barrière ya tatu Chef akageuka akanitazama.

"Hii baridi yako inaogopaka basoda?"

Basoda ni wanajeshi, kwa ndugu zangu wa pwani. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kuna mkuu hapo chini nimeona ameshauliza kwa nini tusingefungua tu madirisha. Swali zuri, na ndilo nililojiuliza siku ya kwanza. Jibu ni kwamba kwenye barrière ndiko wakulima walikuwa wanangojea gari ya mradi. Wanajua itasimama pale. Kioo kikishuka hata kiganja kimoja, linaingia karatasi: maji hayafiki shambani kwangu, mbegu zilikuwa mbovu, jina langu halipo kwenye orodha. Kioo kikifungwa, Chef anawapungia mkono na wao wanampungia, mambo yanaishia kwenye heshima. Zile wiki AC ilipogoma alilazimika kufungua, na tulikuwa tunarudi Kamembe na matatizo ya watu mpaka kwenye dashibodi.

Mnaona sasa ukubwa wa jambo.

Akaniagiza gari ipelekwe kwa fundi. Kamembe wakati ule alikuwepo mtu mmoja tu anayejua mambo ya baridi. Alikuwa anatengeneza friji za baa, watu wakamwita Docteur Frigo, na mwishowe hata yeye akawa anajitambulisha hivyo. Aligusa bomba moja kwa vidole viwili, akafumba macho.

"Gaz imepunguka."

Akajaza gesi. Tukajaribu kwa kuzunguka mjini, baridi tamu kabisa. Kesho yake Bugarama, barrière, vuguvugu.

Nikarudi. "Gaz bado haijatosha." Akaongeza. Safari hii ikawa mbaya zaidi: zamani tulikuwa tunapewa dakika tano za baridi tukisimama, sasa mbili hazifiki, na kompresa inakata kwa kishindo, tak, halafu kimya.

Nikarudi mara ya tatu. Akaongeza tena.

Leo najua tulichokuwa tunafanya. Gesi ikizidi, presha inapanda, na gari ikiwa imesimama bila hewa kupita pale mbele, presha inapanda zaidi, kuna swichi inajilinda na kuikata kompresa. Kila alipoitibu ile gari alikuwa anaisogeza karibu na kaburi. Lakini wakati ule mimi nilijua usukani na kubadilisha tairi, yeye ndiye docteur.

Baada ya hiyo mara ya tatu, Jumatatu asubuhi, nikakuta bahasha kwenye kiti changu cha dereva.

Demande d'explication.

Waliofanya kazi kwenye ofisi za Kifaransa wanaijua hiyo barua ya kujieleza. Unaulizwa, unajibu kwa maandishi ndani ya masaa sabini na mbili, halafu wanaamua kama wewe bado ni mfanyakazi.

Aya ya kwanza iliniuliza kwa nini kifaa cha baridi kimetengenezwa mara tatu na bado hakifanyi kazi. Sawa.

Ya pili iliniuliza kama nina uhakika gesi inayowekwa kwenye gari inabaki kwenye gari. Yaani nilikuwa nashukiwa kuuza baridi. Nilijaribu kufikiria mteja wangu angekuwa nani na anaibeba kwenye nini.

Ya tatu sikuicheka. Ilisema, nanukuu kwa kumbukumbu: nieleze kwa nini hitilafu hiyo hutokea mbele ya vituo vya usalama peke yake, na si mahali pengine.

Wakuu, someni hiyo mara mbili, halafu mkumbuke ni miaka gani.

Mimi ni mtu niliyetoka Bukavu. Kaka yangu mkubwa bado alikuwa Bukavu, ng'ambo kwenye vita. Gari yangu inaleta shida kwenye barrière tu, mkurugenzi anakwama barrière, na sasa hilo jambo limeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri. Miaka ile neno dogo lilikuwa linaota miguu na kutembea mpaka mahali ambapo hukulituma.

Nyumbani nilimsomea mke wangu. Maman Neema alikuwa mjamzito wa miezi saba, anachambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Banakuuliza ju ya baridi, ao banakuuliza ju ya Bukavu?"

"Ju ya baridi."

"Soma tena ya tatu."

Sikusoma tena. Yeye akaendelea na maharage yake, lakini niliona anatupa mazuri pamoja na mabovu.

Kesho yake, Jumanne, safari kama kawaida. Mfukoni nina barua, kichwani sina jibu.

Barrière ya kwanza bondeni palikuwa na kaporali mmoja, mtu mzima, mrefu, wa maneno machache. Alikuwa hapo miezi mingi, tumezoeana kwa macho. Siku hiyo Chef alishuka kwenda kumsalimia mkubwa wao kwenye kivuli cha turubai. Nikabaki kwenye gari, injini inaunguruma, AC imewashwa, inatoa pumzi ya ng'ombe kama kawaida yake.

Kaporali alikuja kwenye dirisha langu. Nikatoa karatasi. Hakuzichukua.

"Iko mugonjwa?" aliuliza akiangalia boneti.

"Nani?"

"Gari yako."

"AC tu, Afande. Tukisimama inakuwa moto. Fundi anasema gesi."

Alitikisa kichwa taratibu.

"Miye sijue magari. Lakini nasimamaka hapa kutoka asubuhi mpaka mangaribi, magari yote inakuja kusimama mbele yangu. Zile za bakubwa, zenye baridi, zikisimama, kisha kidogo kuna kitu mbele inaanza kuvuma. Vuuuu. Inavuma, inanyamaza, inavuma tena. Ile ya Procureur inavuma. Ya Wazungu ya maji inavuma. Yako ilikuwaka inavuma zamani."

"Zamani lini?"

"Mbele ya mvua kuanza. Kisha ikanyamaza. Sasa inasimama tu hapa, kimya, sawa muntu mwenye kuficha kitu."

Wakuu, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunisimamisha ndiye aliyekuwa ananisikiliza. Mimi mwenye gari nilikuwa ndani, vioo juu, redio inaimba. Docteur Frigo alikuwa anaijaribu gari ikiwa kwenye mwendo, kwenye upepo wa Kamembe. Mtu pekee aliyeisikia ile gari ikiwa imesimama, kila siku, kutoka nje, kwa mbele, ni yeye.

Nilimshukuru. Alinirudishia karatasi ambazo hakuwa amezichukua, yaani alisukuma mkono wangu ndani, akaenda kufungua kamba.

Jumatano Chef alikuwa na kikao, gari ikashinda kwenye uwanja wa ofisi. Nikaamua kuitafuta hiyo vuuuu mwenyewe.

Nitaeleza taratibu kwa sababu kuna mtu humu atahitaji.

Nikawasha injini, nikawasha AC, gari imesimama. Nikafungua boneti na kungoja. Mbele kabisa ya rejeta, nyuma ya ile grili, kuna kondensa, inafanana na rejeta nyembamba. Ndiyo inayotupa nje joto lililochukuliwa ndani ya gari. Gari ikitembea, upepo wa barabarani unaipoza. Gari ikisimama, upepo haupo, ndiyo maana imewekewa feni yake ya umeme. Hiyo feni ndiyo vuuuu.

Feni ilikuwa imetulia kama picha ukutani. Nikaweka mkono juu ya bomba la kondensa, nikautoa haraka. Lilikuwa linachoma.

Nikazima injini kwanza. Nasisitiza, ZIMA kwanza, hiyo feni inaweza kuamka yenyewe na haijali vidole vya mtu. Nikaisukuma kwa kidole. Ikazunguka laini, haijakwama, haina majani ya mpunga wala kamba.

Nikatafuta fyuzi yake kwenye kisanduku. Nzima, waya wake haujakatika.

Nikachomoa plagi ya feni, nikachukua vipande viwili vya waya, nikaiunganisha moja kwa moja na betri. Ikaruka. Ilivuma kwa nguvu mpaka mlinzi wa ofisi akainuka kitini.

Kwa hiyo feni ni nzima, fyuzi ni nzima, lakini umeme haufiki. Katikati yao kuna kitu kimoja kinachoamua umeme upite au usipite: rilei. Ni kidude cha mraba kama kiberiti, kinachomekwa kwenye kisanduku kilekile cha fyuzi. Kwenye gari yetu ya feni ilifanana kabisa na ya taa kubwa, umbo lilelile, miguu ileile. Nikazibadilisha. Ya taa nikaiweka kwa feni.

Washa injini. Washa AC. Ngoja.

Vuuuu.

Nilisimama pale mbele ya gari nikasikiliza kama mtu anayesikiliza mtoto wake akilia mara ya kwanza. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikangoja dakika kumi kwa saa. Gari imesimama, baridi inatoka.

Furaha ilidumu mpaka nilipoiangalia ile rilei mbovu vizuri.

Rilei nyingine zote kwenye kile kisanduku zilikuwa nyeusi, zinang'aa. Hii ilikuwa ya kijivu, imekwaruzwa, miguu ina kutu. Gari ilikuwa karibu mpya. Rilei ilikuwa na umri mkubwa kuliko gari.

Maana yake kuna mtu aliitoa nzima na kuweka maiti mahali pake.

Nikaifunga kwenye kitambaa, nikatembea kwa mguu mpaka kwa Docteur Frigo. Alikuwa ameinamia friji. Nikamwekea mezani bila kusema kitu.

Aliitazama. Akafuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Aah," akasema. "Ile njo niliwekaka siku ya klaksoni."

Klaksoni ni honi, na hapo lazima niwarudishe nyuma kidogo. Miezi kadhaa kabla, Chef alipata ugeni mkubwa kutoka Kigali, na mkurugenzi wa mradi mwingine alikuwa amefunga kwenye gari yake honi ya upepo, kama za malori ya Mombasa. Chef akataka na yake, na akaitaka siku ileile. Nilimwacha kwa docteur na gari, nikaenda kumtafutia mgeni maji ya chupa. Niliporudi honi ilikuwa tayari, inaamsha mpaka watu wa ng'ambo.

"Honi ilihitaji rilei," docteur akaendelea. "Rilei haikukuwa hapa mujini. Frontière ilikuwa imefungwa, Bukavu siwezi kwenda. Chef amesimama pale, anaangalia saa. Nikakopa ile ya vantilatere, ile feni yako ya mbele. Nilisema nitarudisha kisha wiki moja."

"Na hii ya kutu?"

"Ju nafasi isibakie wazi. Nafasi wazi inaletaka maulizo."

"Docteur. Nimekuja kwako mara tatu. Mara tatu ukanijazia gesi."

Aliniangalia kwa uso wa mtu anayeonewa.

"Papa Neema, weye ulikuja ukanambia AC. Haukunambia klaksoni."

Nilimwomba aje apunguze ile gesi aliyozidisha, akaja, akaipunguza, na kwa heshima yake niseme hilo alilifanya vizuri.

Usiku ule nikaandika maelezo yangu. Kurasa mbili, Kifaransa changu cha shule ya msingi. Nilieleza feni, kondensa, rilei, honi. Nilieleza kwa nini hitilafu inaonekana kwenye barrière tu: kwa sababu barrière ndiyo mahali pekee gari ile ilikuwa inasimama huku injini inawaka. Hakuna siri nyingine.

Alhamisi asubuhi nikaipeleka mwenyewe ofisini kwa Chef. Akaisoma nikiwa nimesimama. Ukurasa wa pili aliusoma polepole sana.

Akavua miwani.

"Umeandika neno klaksoni mara ngapi?"

"Mara nne, Chef."

"Hii karatasi inaenda Kigali, unajua?"

"Najua."

Akainuka, akafunga mlango. Akarudi, na alipoongea tena hakuongea Kifaransa cha ofisi, aliongea Kiswahili cha kwetu, cha Bukavu.

"Papa Neema, twende pole. Andika upya. Fasi ya klaksoni, weka accessoire. Ni neno ya kweli. Klaksoni ni accessoire, hapana?"

Ni kweli. Honi ni accessoire, yaani kifaa cha nyongeza. Hata kapeti ni accessoire.

Sijui nguvu niliipata wapi. Nadhani niliyaona yale maharage.

"Chef, nitaandika accessoire. Lakini na miye niko na mustari moja kwenye barua yako inaninyima usingizi. Ile ya tatu. Ya vituo vya usalama. Miye niko na muke na mutoto, na wa pili anakuya. Ile mustari ikifika Kigali, kule hakuna muntu atauliza ju ya vantilatere."

Nje mlinzi alikuwa anafagia, nilisikia ufagio unaenda, unarudi.

Baadaye nilifikiri sana kuhusu ile barua. Kwa uaminifu kabisa, sidhani kama aliiandika ile aya kwa ubaya. Nadhani aliiandika kwa sababu ilisikika vizuri. Alikuwa mtu wa Bukavu na yeye, na mtu wa Bukavu mwenye cheo miaka ile alikuwa anahakikisha anaonekana wa kwanza kuuliza, asije akawa wa kwanza kuulizwa.

Akafungua droo, akatoa nakala yake, akachukua kalamu na kuikata ile aya. Mstari mmoja, halafu wa pili juu yake, mpaka karatasi ikatoboka.

"Nitapigisha upya," akasema. "Ile uliyopewa ilete, tuichane."

Tukaichana pamoja. Nikaandika upya, accessoire mara nne.

Majibu yalikuja wiki iliyofuata. Maelezo yamepokelewa. Dereva anapewa onyo la kwanza kwa kutotoa taarifa mapema kuhusu ubadilishaji wa vifaa kwenye gari. Na chini yake kuna tangazo kwa wafanyakazi wote: kuanzia sasa ni marufuku kufunga accessoire yoyote kwenye magari ya mradi bila idhini ya mkurugenzi.

Limesainiwa na mkurugenzi.

Nilisaini kwamba nimelipokea. Maman Neema aliponiuliza mambo yameishaje nikamwambia nimepewa onyo. Akasema, "Asante Mungu," akaenda kupika.

Kuhusu rilei: ilikuwa moja tu nzima kwa vitu viwili. Ile ya feni ikatoka kwenye honi ikarudi kwao, ya taa ikarudi kwenye taa. Honi ikabaki bubu. Chef aliwaambia wenzake ameizima kwa ajili ya utulivu wa wananchi, na kuna watu walimsifu.

Safari ya kwanza baada ya barua tuliteremka na koti, vifungo vyote, vioo juu. Nilikuwa nimemwekea kaporali sambusa mbili kwenye karatasi, mke wangu alikuwa amekaanga. Nilitaka tu asimame pale mbele aisikie inavuma.

Tulipofika, aliyekuja dirishani alikuwa kijana mwingine, sura ngeni.

"Kaporali yule mrefu yuko wapi?" nikauliza.

"Alivuka."

Miaka ile ukisikia alivuka hukuuliza alivuka wapi. Kulikuwa na upande mmoja tu wa kuvukia: Kongo. Sikuwahi kumwona tena, na jina lake sikuwahi kulijua, kwa sababu kila siku yeye ndiye aliyekuwa anauliza langu.

Wakati bado nimeshika karatasi mkononi, mbele ya gari ikaanza. Vuuuu. Laini, nzuri, kama alivyoieleza.

Yule kijana akaruka hatua moja nyuma, bunduki ikasogea.

"Nini hiyo?"

"Feni, Afande. Ya baridi."

"Zimisha. Haturuhusu makelele hapa."

Nikazima AC. Tulikaa pale dakika ishirini. Kwenye dakika ya kumi na tano Chef alifungua kifungo cha kwanza cha koti, halafu akashusha kioo mwenyewe, na mama mmoja mwenye kitenge cha njano akaingiza karatasi yake.

Sambusa tulizila njiani, mimi na Chef, moja moja.

Basi wakuu, nilichojifunza ndicho hiki. AC ikiwa baridi kwenye mwendo na moto ukisimama, usikimbilie gesi. Fungua boneti uangalie feni ya kondensa kwanza: inazunguka au imelala? Kama imelala, angalia fyuzi, ipe umeme wa moja kwa moja, kisha badilisha rilei na nyingine inayofanana nayo. Ni nusu saa ya kazi, na ingeniokoa wiki za jasho. Na fundi akikuambia gesi mara ya pili, muulize kwa upole kitu gani kingine amewahi kufunga kwenye hiyo gari.

La pili sio la ufundi. Mara nyingi anayeujua ugonjwa wako ni yule anayekuona ukiwa umesimama. Mshukuru siku hiyohiyo, usingoje sambusa.

Nawaachia uwanja. Mafundi wa humu, kama kuna mahali nimekosea kuhusu ile swichi ya presha, nirekebisheni, siogopi. Na kama kuna aliyewahi kuandikiwa barua ya kujieleza kwa kosa la bosi wake, aje hapa aseme alitumia neno gani badala ya honi.